Kwaresma ukiwa na kazi, watoto na foleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niseme mapema mimi sio padre wala katekista. Nimekuwa katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki huku Mbagala, Dar es Salaam, miaka kadhaa, na kila ikifika wiki ya Majivu, yaani Kwaresma inapoanza, simu inajaa meseji zilezile, kuku ni nyama au sio nyama, nikimeza dawa mfungo umevunjika, na nyingine ambazo watu wanatuma saa tano usiku kwa sababu mchana wanaona aibu. Nimeyakusanya hapa. Likiwa ni jambo la kisheria linalogusa ndoa yako au afya yako, nenda ofisi ya parokia, paroko yupo kwa kazi hiyo.

Tunaambiwa siku 40, mbona nikihesabu napata 46?

Umehesabu vizuri tu. Kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, toa Jumapili 6 zinabaki 40, maana Jumapili ni siku ya ufufuko na haifungwi hata ikiwa katikati ya Kwaresma. Mwaka 2026 Majivu ilikuwa 18 Februari na Pasaka 5 Aprili, 2027 ni 10 Februari na Pasaka 28 Machi, chukua kalenda uhesabu utaona inatoka ileile. Wanaojua liturujia watakwambia kipindi chenyewe kinaishia Alhamisi Kuu kabla ya Misa ya jioni, na wako sahihi, ila kwa mfungo wa nyumbani hesabu ya wazee inatosha.

Nikikosa majivu nimetenda dhambi?

Hapana. Jumatano ya Majivu sio sikukuu ya amri, yaani siku ambayo Misa ni lazima, kwahiyo kama bosi hakukuruhusu hukutenda kosa. Kilicho lazima siku hiyo ni kufunga na kutokula nyama, na hapo ndio tunapochekesha, kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nje kwa ajili ya majivu, halafu saa nane mtu anaonekana kwenye kibanda cha nyama choma alama bado iko kwenye paji la uso.

Majivu sio sakramenti, ni ishara, ndio maana watoto wanapakwa, na mume wako Mlutheri au jirani yako Mmoravian akitaka kuja anapakwa pia. Yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, kwahiyo yale makuti yaliyokauka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu sebuleni msiyatupe, yarudisheni parokiani yakitangazwa. Kuyafuta au kutoyafuta ni hiari yako. Injili inayosomwa siku hiyohiyo ni Mathayo 6, Yesu anasema ukifunga nawa uso, kwahiyo usimnung'unikie aliyefuta kabla hajaingia ofisini.

Kufunga kwetu ni kufanyaje? Hakuna daku wala futari?

Hakuna. Kwa sheria ya Kanisa, siku za lazima kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake unakula mlo mmoja wa kushiba, na unaweza kuongeza vijilo viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifiki mlo kamili. Maji unakunywa. Dawa unameza. Inawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapotimiza 59, baada ya hapo sheria imekuachia.

Kutokula nyama ni kitu kingine, hicho kinaanza miaka 14, hakina kikomo cha uzee, na kinahusu pia Ijumaa. Baraza la maaskofu la nchi lina mamlaka ya kupanga namna hizo Ijumaa zinavyoadhimishwa au kuweka toba nyingine badala yake, kwahiyo yale matangazo ya mwisho wa Misa ambayo tunayatumia kutafuta funguo za gari, Kwaresma yasikilizeni.

Wengine wanafunga siku zote 40 mpaka jioni bila kuonja kitu, ni ibada nzuri ya hiari, ila usimhukumu jirani kwa kiwango ulichojiwekea mwenyewe.

Kuku je?

Kuku ni nyama jamani. Bata ni nyama. Supu ya utumbo ni nyama, kongoro ni nyama, soseji ni nyama. Samaki sio, dagaa sio, na hati ya Papa Paulo VI ya mwaka 1966 iliyopanga upya mambo ya toba inaruhusu mayai, maziwa na hata mafuta ya mnyama kama kiungo. Kwahiyo chipsi mayai Ijumaa inapita, chipsi kuku haipiti.

Lakini kuna watu Ijumaa wanaenda feri kununua kamba wakubwa na pweza, wanapika mchuzi wa nazi mzito, wanakula mpaka wanalegeza mkanda, halafu wanasema wamejinyima. Kisheria hujavunja kitu. Ila ungekula maharage yako ukaweka ile tofauti ya bei pembeni kwa ajili ya mtu, ungekuwa karibu zaidi na kinachotafutwa.

Ijumaa ikiangukia sherehe kubwa ya Kanisa katazo la nyama linaondoka. Mwaka 2027 sherehe ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, ni Ijumaa, kina Yosefu mnaruhusiwa kuchinja.

Nina vidonda vya tumbo, au nanyonyesha, au nipo kwenye dozi. Nifunge tu kwa imani?

Usifunge. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa zinazotaka chakula, sheria haiwabani. Na kijana anayebeba zege kuanzia saa moja asubuhi asije akaanguka toka ghorofa ya tatu kwa jina la Yesu. Kuna namna nyingine ya kujinyima, kama kutonyanyua simu wakati mtoto anakuongelesha, na kwa baadhi yetu hiyo ni ngumu kuliko njaa. Mama mmoja wa jumuiya yetu mwenye sukari anafunga "kujibu", yaani mkwe akimchokoza ananyamaza anasali Salamu Maria moja kimoyomoyo. Anasema siku nyingine inafika rozari nzima.

Niache nini Kwaresma hii?

Swali hili nina kovu nalo. Mwaka mmoja niliacha sukari, soda, Instagram na kuangalia mpira, vyote kwa mpigo, nikatangaza na nyumbani. Siku ya nne nilikuwa mkali kama pilipili kichaa, namfokea mtoto kwa kumwaga uji, mke wangu akaniambia taratibu tu, "Baba nanihii, kunywa chai yenye sukari, tutakusamehe." Nikanywa. Nilijifunza kwamba nilichagua vitu vya kunifanya nijione, hakuna hata kimoja kilichomgusa mtu mwingine.

Siku hizi nachagua kitu kimoja kidogo na nakifunga kamba na vingine viwili. Sala, mfungo na sadaka kwenye Mathayo 6 vinakuja pamoja, tunavikosesha ladha tukivitenganisha. Mfano wa kwangu sasa hivi ni soda ya mchana kazini. Nisipoinunua, ile hela inaingia kwenye kopo tupu la Blue Band juu ya friji, na wakati naidumbukiza namtaja mtu mmoja kwa jina, naomba sala fupi kwa ajili yake, na mwisho wa mwezi kopo linaenda kwa huyohuyo. Ni bibi anayeishi nyumba ya nne kutoka kwetu, miguu imegoma. Kwahiyo soda yangu inajulikana imeenda wapi. Ukiacha kitu halafu hela yake ikabaki mfukoni mwako, hiyo ni bajeti.

Jumapili naruhusiwa kurudia nilichoacha?

Sheria haikubani, maana Jumapili sio siku ya mfungo. Ila tumia akili, kama uliacha peremende, basi kula, lakini kama uliacha bia kwa sababu ilikuwa inavunja amani nyumbani, Jumapili usiifanye siku ya kufidia.

Naamka saa kumi, narudi saa tatu usiku. Nisali saa ngapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndilo ninalolipenda. Watu wanafikiri maisha ya sala ni kupata saa nzima, mshumaa, utulivu, na kwa vile hawapati basi wanaacha kabisa mpaka Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Mimi nasema angalia siku yako ilivyo, usiibadilishe, halafu tafuta matundu yaliyomo humohumo.

Tundu la kwanza ni kabla hujashika simu. Ishara ya msalaba na "Bwana, siku hii ni yako" inatosha, sekunde kumi. Nilihamisha chaji ya simu kutoka kichwani kwa kitanda nikaiweka jikoni, ilinisaidia kuliko mahubiri matatu.

La pili ni usafiri. Mimi natoka Mbagala kwenda Posta na kwenye foleni ya Mtoni unaweza kumaliza rozari na ukaanza ya pili. Jumanne na Ijumaa rozari inatafakari Matendo ya Uchungu, yaani mateso ya Yesu, nahesabu kwa vidole, sio lazima utoe rozari mtu akuangalie. Ukishindwa kusali kwa sababu konda anapiga kelele na kuna jasho la mtu shavuni kwako, basi sali kwa ajili ya huyo konda na huyo mwenye jasho. Nilianza kwa kejeli kusema kweli, nikashangaa siku moja konda hayupo nikaanza kujiuliza anaumwa au vipi. Wengine wanasikiliza Radio Maria kwa hedfoni, nayo ni sawa kabisa.

La tatu ni saa sita mchana, sala ya Malaika wa Bwana, dakika mbili. Weka alamu. Ofisini kwetu alamu yangu ikilia dada mmoja Mwislamu ndio ananikumbusha, "kaka, malaika wako".

La nne ni masomo ya siku. Usijitwishe kusoma kitabu kizima cha Kutoka, soma Injili ya siku hiyo tu, mara mbili, chukua neno moja tembea nalo. Kama huna Misale, kile kitabu cha Misa chenye masomo, yapo kwenye programu za simu za bure.

Na la tano, usiku kitandani, tafakari ya dhamiri. Pitia siku kama unavyopitia meseji, wapi nilishukuru, wapi nilimuumiza mtu, kesho nani nimuombe radhi, kisha sala ya kutubu. Ukisinzia katikati usijilaumu. Mtoto akisinzia mikononi mwa baba yake hagombezwi.

Hayo matano yote kwa pamoja hayafiki dakika arobaini na tano, na nyingi ni za kwenye daladala ambazo ungezitumia kukunja uso. Anza na mawili. Mwaka niliojaribu yote matano kuanzia siku ya kwanza nilifika mpaka Jumapili ya pili tu.

Njia ya Msalaba lazima niende kanisani Ijumaa?

Sio lazima, ila jitahidi kwenda, na kama kanisani ni mbali ifanyeni jumuiya au nyumbani. Vituo ni 14, ukiwa peke yako bila haraka ni kama dakika ishirini na tano, na ile ya "Ee Yesu tunakuabudu, tunakushukuru" wote tunaijua tangu mafundisho ya komunyo.

Sisi tunatembea mtaani, kila kituo kwenye mlango wa nyumba ya mwanajumuiya. Mwaka fulani kituo cha sita kiliangukia nyumba inayotazamana na baa, na Ijumaa jioni unajua baa inavyokuwa, singeli juu mpaka mabati yanatetemeka. Tukasema tutapita haraka. Tulipopiga magoti kwenye ule mchanga, Veronika anampangusa Yesu uso, muziki ukashuka. Mhudumu alikuwa ameinama nyuma ya kaunta kazima spika, na walevi wawili wamevua kofia. Hatukuwaambia chochote. Tulipoinuka kwenda cha saba ukarudi uleule. Tangu hapo kituo cha sita hatujakihamisha.

Sijaungama miaka mingi, naogopa padre atanigombeza.

Miaka mingapi? Kumi? Ishirini? Haijalishi, na ukimwambia padre "nimekaa miaka kumi na tano sijui nianzie wapi" atakusaidia kwa maswali, ndio kazi yake. Hawezi kumwambia mtu yeyote, siri ya kitubio haivunjwi hata kwa mahakama. Huna haja ya kutoa maelezo marefu wala kuungama dhambi za mume wako. Sema dhambi zako, na zile nzito sema na mara ngapi kadiri unavyokumbuka.

Ushauri wangu wa kimtaa ni huu, usisubiri Juma Kuu. Foleni ya Jumatano ya Juma Kuu inazunguka kanisa, padre amechoka, na wewe unaungama huku unasikia watu nyuma wanahesabu dakika. Nenda wiki ya pili au ya tatu. Kama unamuonea aibu paroko kwa sababu mnafahamiana, nenda parokia ya jirani, au subiri siku ambayo mapadre wageni wanakuja kusaidia, hakuna atakayekuuliza kadi ya jumuiya.

Sijafunga ndoa ya kanisani, nakaa na mwenzangu, tuna watoto. Kwaresma inanihusu kweli?

Inakuhusu. Kupokea Komunyo kuna masharti yake na siwezi kuyapunguza hapa, lakini Misa ni yako, Njia ya Msalaba ni yako, kufunga ni kwako, Neno la Mungu ni lako, kopo la sadaka ni lako. Wako wengi kuliko unavyofikiri, kwenye jumuiya yetu tunajuana. Nendeni wote wawili mkamuone paroko, mara nyingi kinachokwamisha ni mahari haijaisha au mnasubiri hela ya ukumbi. Ndoa ni sakramenti, pilau ni pilau. Kwaresma yenyewe parokia nyingi hazifungishi ndoa, ila mafundisho na kujaza fomu mnaweza kuanza.

Sadaka niitoe wapi?

Kuna bahasha ya parokia, itoeni. Baraza la Maaskofu hutoa ujumbe wa Kwaresma, usomeni hata kwa kugawana kurasa jumuiya. Lakini tafuta pia mtu mwenye sura. Jumuiya zinatembelea wagonjwa, magereza, vituo vya yatima, na hapo nina neno, tusiende na fulana za sare na mpiga picha wa kututoa na mfuko wa unga. Isaya 58 inasema mfungo ni kumgawia mwenye njaa mkate wako na kumleta asiye na makao nyumbani kwako, haikutaja picha. Na yule dada wa kazi ambaye hujamlipa mwezi wa pili huu, anza na huyo kabla ya yatima. Mshahara wa mtu sio sadaka, ni deni.

Ramadhani na Kwaresma zikikutana majirani wakanialika futari Ijumaa?

Nenda! Miaka hii zimekutana, 2026 Majivu na mwezi mwandamo vilikuja wiki moja. Kwenye uwanja wetu mama mmoja wa Kiislamu anatuletea bakuli la magimbi ya nazi na uji wa pilipili manga, na sisi Pasaka tunampelekea pilau. Kama kuna nyama mezani chukua magimbi na maharage, mwambie mwenyeji kwa adabu kwamba leo hatuli nyama. Ataelewa haraka sana, tena kuliko Wakristo wenzako. Na usianze mashindano ya nani anafunga kwa ukali zaidi, huo mchezo sisi tunafungwa mapema.

Mbona kwaya imepoa?

Wimbo wa Utukufu hauimbwi isipokuwa kwenye sherehe, Aleluya haiimbwi kabisa mpaka Mkesha wa Pasaka, maua yanaondolewa altareni, vyombo vinasindikiza sauti tu. Rangi ni zambarau, ila Jumapili ya nne mtamuona padre na vazi la waridi, hajakosea kabati.

Watoto niwafanyeje?

Chini ya miaka 14 hawana lazima yoyote, wafundishe kidogokidogo. Wa kwangu ana miaka saba, alichagua mwenyewe kuacha katuni Ijumaa, na kila Ijumaa anauliza mara tisa kama ni Jumamosi tayari. Msiwalazimishe njaa. Wapeni kazi ya kudumbukiza sarafu kwenye kopo, wanaipenda.

Nimeanguka. Wiki ya tatu tu nimerudia kila kitu.

Karibu. Nadhiri yako ya Kwaresma sio amri ya Mungu, ukiivunja huna haja ya kukata tamaa, unaanza tena jioni hiyohiyo, sio Jumatatu ijayo. Yesu mwenyewe kwenye ile njia tunasali ameanguka mara tatu, kituo cha tatu, cha saba na cha tisa. Kama ulichojiwekea ni kikubwa mno kipunguze.

Juma Kuu sina likizo, nikichagua ibada moja iwe ipi?

Ijumaa Kuu ni sikukuu ya taifa, kwahiyo hiyo wengi mnapata. Ibada ya Mateso kawaida ni saa tisa alasiri, siku hiyo hakuna Misa, mnabusu msalaba, mnatoka kimya. Alhamisi Kuu ni jioni, Misa ya Karamu ya Bwana na kuoshwa miguu, ukitoka kazini moja kwa moja unawahi nusu yake na baada ya hapo unaweza kukaa kidogo kwenye kuabudu, hakuna anayeangalia saa yako.

Lakini ukinilazimisha moja nitasema Mkesha wa Pasaka, Jumamosi Kuu usiku. Ni ndefu, usidanganywe, moto nje, mshumaa wa Pasaka, masomo saba ya Agano la Kale kama paroko wenu hapunguzi, ubatizo wa wakubwa, halafu Utukufu inapigwa na kengele zote na akina mama wanapiga vigelegele mpaka unasahau ulikuwa unasinzia. Walisheni watoto kabla. Njooni na chupa ya maji ya kubarikiwa na mshumaa, na huo mshumaa uvalisheni kikaratasi cha kukinga, maana nta inachoma vidole na mwaka jana mtoto wa jirani alitaka kuunguza kilemba cha mama aliyekaa mbele yetu.